Kuonja Kabla ya Kupanda

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bumula



Katika Mkutano Mkuu uliopita chama hiki kiliazimia kutoa sehemu ya michango yetu kwa kununua miche ya matunda, ili kila nyumba ya mwanachama ipate miti michache ya kupanda karibu na jiko. Lilikuwa azimio jema. Walakini palizuka swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu siku ile: miche ya aina gani? Mmoja alitaka parachichi, kwa kuwa lina soko. Mwingine alitaka maembe ya kisasa, kwa kuwa aliyaona sokoni Bungoma yakimeta kana kwamba yamepakwa mafuta. Mzee mmoja akasema kwamba mtu apandaye mti asioujua tunda lake ni sawa na mtu aoaye kwa barua. Mkacheka, kisha mkatukabidhi sisi kazi ya kutafuta jibu. Leo twalileta, wala si jibu fupi.

Yapasa tukumbuke kwanza jinsi ardhi ilivyo. Shamba ambalo babu alilichunga kwa kutazama upeo wa macho, mjukuu leo alipima kwa hatua zake na kuzimaliza kabla hajachoka. Wengi wetu tumebaki na nusu ekari, na nusu ekari hiyo ina nyumba, jiko, kaburi la mzazi, mahindi, na ng'ombe mmoja aliyefungwa kwa kamba. Baadhi yetu tulijaribu tumbaku, na wengi miwa, na sote twajua jinsi muwa unavyoweza kusimama shambani ukimngoja mkataji hata ukaanza kukauka. Hatukuja kusema habari za miwa. Twaitaja ili ieleweke kwamba hakuna nafasi ya kukosea mara mbili. Mahindi yakikudanganya, yamekudanganya msimu mmoja. Mti wa tunda humla mtu miaka mitano au sita kabla hajajua kwamba amepotea.

Twalisema hili kwa uchungu, kwa sababu limetupata. Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu tulinunua miche ya parachichi kwa mtu mmoja aliyepita na baiskeli, akatuapia kwamba ni ile aina iitwayo Hass, tena imebebeshwa. Tukaipanda, tukaimwagia maji ya kisima wakati wa kiangazi, tukaikinga na mchwa kwa majivu. Katika mwaka wa sita ikazaa. Ndugu zetu, hapakuwa na miti miwili iliyofanana! Mmoja ulileta matunda marefu yenye shingo kama kibuyu. Mwingine ulileta matunda ya mviringo, kokwa lake kubwa kama yai la bata na nyama yake nyembamba tena ya majimaji. Wa tatu haukuzaa kitu ila majani. Tulipoyachunguza mashina hatukuona kovu la kubebesha hata moja. Ilikuwa imeoteshwa kwa mbegu tu. Mtu yule hakuonekana tena njia ile, nasi hatukumtafuta, maana aibu ilikuwa yetu: tulinunua bila kuinama na kutazama shina.

Hapa ndipo penye asili ya jambo lote. Kokwa la parachichi halizai mama yake. Huzaa mtoto aliyechanganyika, apendavyo Mungu. Hass yenyewe ilipatikana hivyo. Katika miaka ya 1920 bwana mmoja wa California, Rudolph Hass, aliyekuwa mchukuzi wa barua za posta, alipanda mbegu ambazo hakuijua asili yake, akataka kubebesha juu yake aina ya Fuerte iliyosifiwa wakati ule. Mche mmoja ukakataa kubebeshwa, akafikiri kuung'oa. Ukaachwa, ukazaa tunda lenye ngozi nyeusi na ya vipele, lisilopendeza kwa macho. Lakini watoto wake walipolionja walilipenda kuliko Fuerte. Mwaka wa 1935 akaliandikisha kwa serikali ya Marekani kuwa ni aina yake. Mti ule wa kwanza ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi ukakatwa mwaka wa 2002, lakini kila Hass ya kweli iliyoko duniani, hata hizi zilizoko Kitale na Murang'a, ni kijiti kilichotoka katika mti ule, au katika mtoto wa kijiti chake. Basi mwenye kupanda Hass kwa mbegu hana Hass.

Kwa maembe mambo ni karibu na hayo, ila yana tofauti. Yako maembe ambayo kokwa lake huotesha chipukizi nyingi kwa pamoja, na baadhi ya chipukizi hizo hufanana kabisa na mama. Yako mengine ambayo kokwa lake huotesha chipukizi moja tu, nayo haimfuati mama. Maembe ya Florida yanayouzwa sana siku hizi, yaani Haden, Kent, Keitt na Tommy Atkins, yote ni ya chipukizi moja. Kwa hiyo mama anayekula Kent tamu na kulitia kokwa lake shimoni nyuma ya nyumba anafanya kazi njema, lakini asitarajie Kent.

Sasa tueleze tulivyofanya. Mmoja wetu ana bustani nyuma ya nyumba yake, ambayo kwa muda wa miaka minane amepanda humo miembe iliyobebeshwa: Apple, Ngowe, Dodo, Kent na Tommy Atkins. Ngowe ni embe refu, jembamba, la asili ya pwani, linalojulikana sana Lamu na Unguja, na ndani yake ni rangi ya karoti. Apple, ijapokuwa jina lake ni la kizungu, ni la hapa Kenya, upande wa Malindi. Tukaona heri tuyaonje haya yote pamoja na maembe ya kienyeji yaliyomo katika miji yetu, kisha watu waseme.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliyaweka matunda juu ya meza, kila moja na jina lake, na watu wakala na kusema. Ikawa wengi walilisifu embe lililotoka kwa mzee wa heshima aliyekuwa ameketi hapo hapo akiwatazama. Waliobaki walilisifu Tommy Atkins, kwa sababu ya wekundu wake. Usiku tukajiuliza: je, tumeonja maembe, ama tumeonja mzee na rangi?

Mara ya pili tulibadili desturi. Matunda yote yalichumwa yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva, yakaivishwa katika nyumba moja, juu ya majani makavu ya migomba, ili lisiwepo lililoiva zaidi ya mwenzake. Akina mama wawili waliyamenya na kuyakata vipande vya kadiri moja ndani ya jiko, mlango umefungwa, wakaviweka katika sahani zisizo na jina. Kila sahani ilitiwa punje za mahindi: moja, mbili, tatu, hata saba. Waonjaji walifungwa macho kwa leso. Baina ya sahani na sahani kila mtu alisukutua kinywa kwa maji na kutafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, maana ulimi uliokwisha onja utamu mkubwa hauwezi kuuhukumu utamu mdogo kwa haki. Ilikatazwa kusema neno au kuguna hata wote wamalize. Katazo la kuguna ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Hatukuwauliza tu, “Ni tamu?” Tuliwauliza mambo matano: utamu, uchachu, harufu, nyuzi, na ladha inayobaki kooni baada ya kumeza. Hili la mwisho ni kubwa katika maembe, kwa sababu yako yaliyo matamu mdomoni lakini yakaacha nyuma yake utomvu kama tapentaini. Baadaye tukapima kwa mizani: embe zima, kisha ganda na kokwa peke yake, tujue mtu anunuaye kilo moja anakula kiasi gani.

Waonjaji walikuwa wazee, akina mama, vijana wa shule, na watoto. Tuliona mara kwamba hakuna ulimi mmoja kwa watu wote. Wazee waliopungukiwa na meno walizikataa sahani zenye nyuzi bila kujali utamu wake. Watoto hawakujali nyuzi kabisa. Walitaka uchachu kidogo uliochanganyika na utamu. Akina mama waliuliza jambo ambalo sisi wanaume hatukuliwaza: tunda hili likichumwa Jumatatu, Ijumaa litakuwaje? Kwa swali hilo Tommy Atkins, ambalo katika kuonja lilishika nafasi ya chini, lilipanda juu, kwa kuwa hukaa siku nyingi bila kuoza.

Nalo hilo halikutushangaza tulipojua habari zake. Katika miaka ya 1950 kamati ya wakulima wa maembe huko Florida ililikataa embe hili, kwa ajili ya nyuzi zake na ladha yake hafifu. Walakini lina rangi, lina ngozi ngumu, na halichubuki ndani ya sanduku. Wafanyabiashara wakalichukua, na leo limejaa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Hatuwalaumu. Mwenye meli hutazama bandari. Lakini sisi tunaopanda mti mmoja karibu na jiko, ili mtoto atokaye shule apate kitu, hatuna meli.

Ngowe ilisifiwa kwa ulaini na kokwa lake jembamba. Apple ilipendwa na karibu wote. Tukumbuke lakini kwamba nchi yetu ina mvua nyingi kuliko Makueni au Malindi. Mvua ikiangukia maua, ukungu mweusi huyaunguza, na mwembe uliojaa maua Jumapili hubaki vijiti vitupu mwisho wa mwezi. Bwana mwenye bustani asema kwamba katika miaka minane Apple ilimwangusha mara tatu kwa sababu hiyo. Isitoshe, tunda la mti ule ule likiiva wakati wa mvua kubwa huwa la majimaji. Ndiyo maana hatukuridhika na kuonja msimu mmoja; tumeonja misimu miwili, na twaomba ruhusa ya wa tatu.

Basi mtauliza, sahani ipi ilishinda? Ilishinda sahani ya punje nne, misimu yote miwili. Waliofungwa macho waliirudia wakaomba kipande cha pili, jambo tulilokuwa tumelikataza. Ilikuwa tamu yenye uchachu wa mbali, nyuzi chache, na haikuacha kitu kooni. Tulipofungua mlango wa jiko tukaona kwamba halikuwa Apple wala Ngowe wala Kent. Lilikuwa embe la kienyeji, dogo, la kijani hata likiiva, lenye madoa meusi, ambalo sokoni hakuna mtu angelisimamia. Lilitoka katika mti mzee uliomo katika mji wa mama mmoja mjane, mwanachama wetu.

Habari za mti huo tutazirudia. Kwanza tuseme machache juu ya matunda mengine, maana Kamati haikutuagiza maembe peke yake.

Ndizi tuliionja, na kila mtu ajua kwamba ile ndogo iitwayo sukari haina mpinzani mdomoni. Lakini haifai tuifiche hatari yake. Mwaka wa 2006 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulionekana kwanza katika Kenya upande huu wetu wa magharibi, baada ya kuingia Uganda mwaka wa 2001, na ndizi sukari ni miongoni mwa zinazoupata upesi. Majani hugeuka manjano na kunyauka, matunda huiva kabla ya wakati na ndani huwa mekundu-mekundu yaliyooza, na ukikata shina hutoka usaha wa manjano. Wadudu huuchukua kutoka ua hata ua. Kwa hiyo, chane ya mwisho ikisha kutokea, livunjeni lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Livunjwe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, kwa sababu panga likipita katika mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa mzima. Panga lililokata mgomba wenye shaka lipitishwe motoni kwanza.

Papai lataka subira kidogo na ukali kidogo. Pandeni miche mitatu katika shimo moja, mngoje maua. Ulio na maua marefu yanayoning'inia kwa mashada ni dume. Ng'oeni, isipokuwa mmoja kwa bustani nzima. Tumewaona watu wanaomwonea huruma dume kwa kuwa ana majani mazuri, wakampa mbolea miaka miwili.

Karakara ndilo lililotuletea ubishi na ndugu zetu wa Kitale. Wao, walioko yapata mita 1,900 juu ya bahari, walileta karakara zao za zambarau, ndogo na zenye harufu nzuri. Sisi, tulio chini yao kwa mita mia tano au zaidi, tulileta za manjano, kubwa na chachu. Katika kuonja bila macho zao zilishinda, nasi tunakiri mbele ya mkutano huu. Lakini mzambarau ule hupenda baridi, na mizizi yake hufa upesi kwa ugonjwa wa udongo. Nao wenyewe huubebesha juu ya shina la manjano ili uishi. Kwa hiyo wanakula tunda lao likisimama juu ya miguu yetu.

Kuna adui mmoja wa matunda karibu yote, naye ni nzi wa matunda. Yule mbaya zaidi, aliyetoka Asia, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka wa 2003, na kwa ajili ya nzi hawa Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya tangu mwaka wa 2014 hata 2021. Hutaga mayai ndani ya tunda, funza wakala, tunda likaanguka. Tunda hilo lililoanguka ndilo kitalu cha nzi wa kesho. Yaokoteni kila siku, myafukie kwa kina cha futi mbili, au myafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki mkauanika juani hata funza wafe. Mwenye kuyaokota peke yake, jirani yake asiyaokote, amefanya nusu ya kazi. Hili lataka kijiji.

Sasa turudi kwa sahani ya punje nne.

Tulikwenda kwa yule mama kumpa habari ya ushindi wa mti wake. Alitupokea kwa uji, akatusikiliza, kisha akatuambia kwamba mti ameshauuza. Mchoma matofali alikuwa amempa nusu ya fedha, na nusu itakuja siku ya kuukata. Mwanawe alikuwa ameitwa shule ya sekondari, na karo haikuweza kungoja. Wajua wazee kwamba katika nchi hii ilikuwako desturi iliyomzuia mwanamke kupanda mti, kwa kuwa kupanda mti kulihesabiwa kuwa ni kujitwalia ardhi. Mti ule aliupanda mumewe. Na alipofariki, mama huyu alilazimika kupata kauli ya shemeji zake kabla ya kuuuza. Kwa hiyo mapatano yale hayakuwa mepesi kwake, nasi hatukuona haki ya kumwambia ayavunje kwa sababu eti watu kumi na wanne waliofungwa leso walipenda embe lake.

Twakiri kwamba tulijaribu. Tulimwendea Mweka Hazina tukauliza kama chama chaweza kumkopesha karo ili mti ubaki. Katiba yetu yaruhusu mkopo wa ugonjwa na wa mazishi. Ya mti haimo. Mweka Hazina alifanya iliyompasa. Tukamwomba mama jambo moja tu: mchoma matofali aje baada ya majuma mawili badala ya moja. Akakubali, na yule bwana naye, tumshukuru, akakubali.

Katika juma la kwanza tulipanda juu ya mti tukachagua vijiti vya unene wa penseli, vyenye chipukizi lililotuna kileleni, tukavikata majani na kuacha vikonyo vyake, ili nguvu ijikusanye. Baada ya siku nane tukavikata, tukavifunga katika kitambaa kibichi, tukavichukua kitaluni siku ile ile. Shina la chini lilikuwa mwembe wa kienyeji uliooteshwa kwa mbegu katika mfuko, wenye unene sawa na kijiti. Mche hukatwa kichwa, hupasuliwa katikati kwa wembe safi. Kijiti huchongwa pande mbili kama kabari, hupachikwa humo hata ganda likutane na ganda, kisha hufungwa kwa utepe wa plastiki usioacha hewa kupita, na juu yake hufunikwa kwa mfuko mdogo mwangavu. Aliyetushika mkono ni kijana wetu mmoja wa Kitale aliyejifunza kazi hiyo. Peke yetu tungaliviua vyote.

Tulibebesha miche thelathini. Juma lililofuata mti ukakatwa. Tulisikia shoka kutoka barabarani.

Katika ile thelathini, kumi na mmoja imechipua na kushika. Mingine ilikauka, minne kati yake kwa kosa letu, kwa kuwa tulifungua utepe mapema kwa pupa ya kutazama. Miche hii kumi na mmoja iko kitaluni chini ya kivuli cha majani, na miwili ya kwanza tumeitenga kwa ajili ya mama mwenyewe, kwa jina lake, apande apendapo. Shemeji zake wameambiwa mbele ya mzee wa mtaa, nao hawakupinga.

Shauri letu kwa Kamati ni hili. Fedha za miche zisitumiwe zote mwaka huu. Zinunuliwe Ngowe na Apple chache, kutoka kitalu kinachoonyesha mti mama, na kila mche utazamwe shina kabla ya kulipwa. Zinunuliwe mifuko, nyembe na utepe, na vijana watatu wapelekwe Kitale kujifunza kubebesha. Zilizobaki zikae kwa Mweka Hazina hata msimu ujao. Kadhalika twaomba Kamati itazame upya kifungu cha mikopo.

Wenye miti mizee katika miji yao, walio tayari tuionje, wamwandikishe Katibu kabla hawajaondoka leo. Sahani ziko, na leso zimefuliwa.